Mjadala: Balbu na chaja zinazotia chenga redioni, sheria imbane nani?

Mleta mada: Wakuu, habari za leo. Hoja yangu ni kwamba anayeingiza nchini balbu za LED, chaja na inveta awajibike kisheria kwa kelele za umeme zinazotoka kwenye bidhaa yake. Leo mtu akiwasha balbu ya bei poa, redio ya jirani inajaa chenga, na hakuna wa kumshika. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, wanathibitisha simu na vifaa vya mawasiliano. Balbu haihesabiwi humo, ingawa nayo inarusha mawimbi.

Umoja wa Ulaya una Agizo namba 2014/30/EU, linalotumika tangu 20 Aprili 2016. Linataka kifaa cha umeme kisivuruge vingine, na chenyewe kihimili vurugu za kawaida. Wanaobanwa ni mtengenezaji, mwagizaji na msambazaji. Mama aliyenunua taa hayumo, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu mnunuzi hana namna ya kujua. Kijiji cha Aberhosan kule Wales kilikaa miezi 18 intaneti ikisumbua kila siku saa moja asubuhi. Mafundi walibadilisha hadi nyaya, wapi! Mwaka 2020 wakazunguka na kipimo cha mawimbi alfajiri, wakakuta chanzo ni televisheni kuukuu ambayo mkazi mmoja huiwasha saa hiyo. Mwenyewe hakuwa na habari kabisa.

Mfanyabiashara: Mkuu, hapo tunatofautiana. Gharama ya kupima itaingia kwenye bei. Mtu anayetoka kwenye kibatari anataka mwanga kwanza. Halafu cheti kipya ni foleni mpya bandarini kwa sisi tunaolipa ushuru, huku wa magendo anapita njia za panya.

Fundi: Hizi balbu nazifungua kila siku. Ndani kuna saketi inayokatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele inazaliwa hapo. Ukikitazama kibao chake, nafasi ya koili ya kuchuja imechorwa na kuandikwa L1, lakini wamechomelea kipande cha waya tu. Pembeni tundu za kapasita ziko wazi. Aliyechora alijua vinahitajika, mwingine akaviondoa, na ni vitu vya bei ndogo mno. Tusimsingizie mteja umaskini wake.

Mleta mada: Shukrani fundi. Ndugu mfanyabiashara, la foleni nakuunga mkono. Hata Ulaya hawapimi kila kontena: mtengenezaji anatia saini tamko kwamba bidhaa yake inakidhi masharti, anabandika alama ya CE inayoonyesha hivyo, kisha wakaguzi wanachukua sampuli sokoni. Waongo nao wanaibandika, ndiyo maana nguvu iwekwe kwenye sampuli. TBS, shirika la viwango, waingie soko la Kariakoo, wanunue kama mteja yeyote, wapime, na mzigo ulioshindwa urudi kwa aliyeuleta. Hapo hata wa magendo ananaswa, maana naye lazima auze. Na huyo wa kijijini unayemtetea ndiye anayetegemea redio kwa habari za mvua na chanjo. Asilazimishwe kuchagua kati ya taa na redio.

Mwanasheria: Mmezungumzia mzigo unaokuja. Zilizokwisha kufungwa majumbani je? Mkimwamuru mwenye nyumba azizime, mmembana mnunuzi yuleyule. Mkimtaka mwagizaji azirudishe, wangapi wana risiti? Nataka kusikia kifungu hicho mtakiandikaje.