Kahawa ya mwituni ya Sierra Leone: ilimwe au iachwe msituni?

Mleta mada: Kuna kahawa inaitwa stenofila, asili yake misitu ya Sierra Leone, Guinea na Ivory Coast. Matunda yake yakiiva hayawi mekundu, yanakuwa meusi tii. Zamani ililimwa na kuuzwa nje, kisha wakulima wakahamia kahawa aina ya robusta kwa sababu inazaa zaidi. Nchini Sierra Leone stenofila haikuonekana tena porini tangu 1954, hadi watafiti walipokuta mti mmoja vilima vya Kasewe, Desemba 2018. Mti mmoja hauzai bila chavua ya mwenzake, ikabidi waendelee kutafuta. Wakaipata mingine vilima vya Kambui.

Utafiti wa 2021 ulionyesha inastahimili wastani wa joto la nyuzi 24.9 za Selsiasi kwa mwaka, zaidi ya nyuzi 6 juu ya arabika, ile kahawa inayosifika kwa ladha. Na ladha? Wengi wa waonjaji walidhani wanakunywa arabika! Kwangu mimi ilimwe, tena mapema. Misitu ya Kambui inafyekwa, na shoka haliulizi mti gani ni adimu.

Mchangiaji: Ndugu, jibu umelitoa mwenyewe halafu ukalipita: "robusta inazaa zaidi". Mkulima wa kule aliiacha kwa hesabu, na hesabu haijabadilika kwa kuwa mtaalamu kaonja kikombe London akafurahi. Nani atamlipa mavuno haba? Mnunuzi akipata mbegu, kesho stenofila inalimwa bara jingine kwa mashine, na Sierra Leone inabaki na historia. Isitoshe, bei ikipanda watu wataingia Kambui kung'oa miche.

Mleta mada: La miche nakubali, na ndilo linalonitisha zaidi. Mbegu zichumwe kwa kibali, zioteshwe vitaluni, mti wa msituni usiguswe. Mbegu zisipelekwe nje ya nchi bila mkataba, hapo pia tuko pamoja. Itifaki ya Nagoya ya 2010, makubaliano ya kimataifa ya kugawana kwa haki faida za mimea na viumbe vya nchi, iliwekwa kwa ajili ya mambo kama hayo. Ila hesabu imebadilika. Zamani stenofila ilishindanishwa na robusta kwa magunia. Leo kahawa yenye ladha ya arabika inayoota kwenye joto la bondeni inaweza kuuzwa kwa bei ya arabika. Swali langu kwa wengine: nani abebe hasara ya ile miaka ya kungoja mti uzae, mkulima au mnunuzi? Mimi nasema mnunuzi, na alipe kabla.