Nasaba na barua za zamani: Sacleux, Krapf au kitabu cha Farsy?

MjukuuWaSiti: Salaam wakuu. Muuzaji wa vitabu vikuukuu ana kamusi ya Sacleux, majuzuu yote mawili, na kitabu cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy cha wanavyuoni wa Kishafi. Pesa yangu inatosha kimoja tu na jibu analitaka Ijumaa. Nafuatilia nasaba ya ukoo wetu. Nichukue kipi?

Bin Pwani: Ukoo wa wapi? Miaka gani? Una hati mkononi au masimulizi tu? Unaomba dawa na ugonjwa hujautaja.

Mwana Mvita: Kamusi. Ila Sacleux ya nini? Krapf ya 1882 iko mtandaoni bure. Humo mna Kimvita chenyewe, Kiswahili cha Mombasa, si hiki cha redioni.

KasukuWaMjiMkongwe: Krapf kakaa na Kimvita tu. Sacleux (1939) anakuonyesha neno hili la Kiamu (cha Lamu), hili la Kitikuu (cha Wabajuni), hili la Kingazija (cha Komoro), kwa hiyo barua inaweza kukudokezea mwandishi katoka upande gani. Taabu yake maelezo ni Kifaransa.

MjukuuWaSiti: Samahani wakuu. Ninazo barua kadhaa, Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Babu wa babu alikuwa Lamu, kisha akahamia Unguja. Wazee wanasema asili ni Hadhramaut.

Bin Pwani: Alikuwa mwanachuoni? Farsy anaeleza masheikh: nani kasoma kwa nani, kafa lini. Akina Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, waliofariki wote 1925. Kama wenu alikuwa nahodha au fundi cherehani, usitaraji kumkuta humo.

Shangazi Zuu: Wanangu, mie hizi habari za nasaba naziogopa. Kaka yangu alimlipa mtu amtafutie asili yetu. Akaletewa shajara ya ukoo ya wino wa dhahabu, tumeshuka moja kwa moja kwa Mtume (SAW). Basi! Kaka akataka aitwe Sharifu, posa za binti yake akazirudisha, eti si kufu. Ami yetu alipoikagua akakuta baba na mwanawe wamepishana miaka mia na ushei. Na bibi yetu mkuu, aliyeletwa utumwani kutoka Nyasa, hayumo kabisa, ilhali hati yake ya uhuru imo kwenye kasha nyumbani! Ami na kaka hawasalimiani mpaka leo, na yule binti hajaolewa.

KasukuWaMjiMkongwe: Pole Shangazi. Ndiyo maana nyaraka kwanza. Kuna Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Kwa Lamu, tafuta madai ya ardhi ya pwani chini ya sheria ya 1908. Aliyedai shamba la urithi ilibidi aeleze kalipata kwa nani.

Mtoto wa Kilwa: Mnajichosha. Siku hizi ni DNA, unatema mate kwenye kichupa, umemaliza.

Bin Pwani: Mate hayasomi barua.

Mwana Mvita: Kasuku, umesema "Kimvita tu" kana kwamba ni kasoro.

KasukuWaMjiMkongwe: Mkutano wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, tena ulifanyika kwenu Mombasa!

Mwana Mvita: Walioamua ni Wazungu. Sisi nani alituuliza?

MjukuuWaSiti: Wakuu, turudi kwenye mada. Kuna anayesoma Kifaransa hapa?

Mtoto wa Kilwa: Na bei hujasema.

Shangazi Zuu: Jina la ukoo pia hajasema.