Braketi za magego madogo ya chini zinabanduka: tuhamie glasi ionoma?

Kiti_cha_Wete
Assalaam alaykum wanabodi. Braketi (vibati vya kushikia waya wa kunyoosha meno) za mbele zinashika, lakini za magego madogo ya chini hazifiki miezi miwili. Tunatumia resini, yaani gundi ya plastiki: asidi ya fosforiki 37% sekunde 30, kuosha, kukausha, praima (majimaji ya kutangulia gundi), gundi, taa ya kuigandisha. Wagonjwa wengi ni watoto wa skuli, na pembezoni mwa braketi madoa meupe yameanza. Glasi ionoma (simenti ya unga wa kioo na asidi) iliyochanganywa na resini inatoa floridi, lakini je, mshiko hautapungua?

Chonge
Waalaykum salaam. Utapungua, ila swali ni kama utabaki wa kutosha. Mtafiti Reynolds mwaka 1975 alipendekeza mshiko wa MPa (megapaskali) 6 hadi 8, na kipimo hicho kinatajwa mpaka leo. Resini kwenye jino kavu hukipita. Mate yakishagusa enameli (tabaka gumu la nje la jino) iliyokwisha kutiwa asidi, vijishimo vilivyochimbwa na asidi vinazibwa na utando wa protini ambao hewa peke yake haiuondoi. Osha, kausha, tia asidi tena.

Kabla ya kubadili chochote, itazame braketi iliyobanduka. Gundi yote imebaki kwenye braketi na jino ni tupu? Hapo shaka ni unyevu au asidi. Gundi imebaki kwenye jino na wavu wa mgongoni mwa braketi uko wazi? Basi braketi ilisogezwa wakati wa kuganda, au taa haikufika. Kisha puliza hewa ya kompresa juu ya kioo kikavu. Ukiona vitone au mafuta, umepata mchawi wako. Kwa unyevu wa visiwani, maji ya kompresa yamwagwe kila asubuhi.

BiSimenti
Naongezea mgongano: mwambie mtoto aume karatasi ya rangi. Jino la juu likiigonga braketi, simenti yoyote itashindwa; inua mng'ato kwanza kwa simenti kidogo juu ya magego ya nyuma.

Kwa glasi ionoma, safisha jino kwa pamisi (unga wa kusugulia) isiyo na mafuta, paka asidi ya poliakriliki 10% sekunde 20, osha. Usikaushe mpaka jino liwe jeupe kama chaki. Liache ling'ae kwa unyevu, bila dimbwi. Joto letu huharakisha kuganda, kwa hiyo watu huchanganyia kwenye kioo kilichotoka friji. Sawa, lakini kioo hicho hutoka jasho papo hapo, na maji hayo yakiingia huharibu kipimo cha unga na majimaji. Kifute mara mbili. Simenti ikipoteza mng'ao kabla hujaweka braketi, itupe. Anza na waya mwembamba wa nikeli-titani wa inchi 0.014, maana mshiko wa simenti hii huendelea kukua kwa saa 24.

Kiti_cha_Wete
Ahsanteni. Na madoa je, floridi ya simenti itayazuia?

Chonge
Usiitegemee. Hutoka nyingi siku za mwanzo, kisha hushuka sana; dawa ya meno huijaza simenti floridi tena kiasi. Madoa yanaweza kutokea ndani ya wiki nne tu. Kinachoyalea zaidi ni gundi iliyofurika upande wa ufizi: uso wake unaokwaruza hushika utando wa vijidudu. Ikwangue kwa ncha kali kabla ya taa, ikishaganda ni kazi nyengine. Dawa ya meno iwe ya floridi 1,450 ppm (sehemu kwa milioni), mara mbili kwa siku, na vanishi (dawa ya kupaka kwenye meno) ya floridi ya sodiamu 5% kila miezi mitatu kwa wenye madoa.

BiSimenti
Na muulize mtoto kuhusu ubuyu wa rangi. Sukari na uchachu pamoja, halafu anazivunja kokwa kwa magego yale yale ya chini.