Ushauri: maisha ya nyuma ya mhusika mkuu niyaweke wapi?

Mtunzi wa Korogwe: Wakuu, naombeni ushauri. Naandaa riwaya. Mhusika mkuu, Bukuru, ni Muha wa Kasulu aliyekuja Tanga mwaka 1948 kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani, kijana wa miaka 20, kukata mkonge. Hadithi inaanza 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali inapochukua mashamba, naye kazeekea kambini. Maisha yake ya nyuma yamejaa daftari zima na nimeyamwaga yote kwenye sura mbili za mwanzo. Walioisoma wanasema hadithi haitembei. Niyatoe, au nitumie mbinu rejeshi, yaani hadithi irudi nyuma kidogo kidogo?

Msomaji Mkali: Daftari libaki mezani kwako, msomaji hana shida nalo. Yeye anataka swali moja la kumsumbua. Manamba wa mkataba walirudishwa kwao muda ukiisha, Bukuru akabaki. Kwa nini? Usilijibu mapema. Halafu piga hesabu: 1967 ana miaka 39, bado si mzee.

Mjukuu wa Manamba: Babu yangu alikata mkonge. Jani lina mwiba nchani na utomvu wake unawasha, kwa hiyo mkataji huanza na ncha. Majani yalifungwa thelathini thelathini, na kipande, yaani kadi ya kazi, kilikuwa cha siku 30 za kazi. Siku usiyofanya haihesabiwi. Basi usituambie aliteseka. Mwonyeshe nyumbani akifunga kuni thelathini thelathini, mkewe akimuuliza anahesabu nini, naye hajibu. Hapo mbinu rejeshi ya nini?

Dada wa Kigoma: Kaka, kwetu Bukuru ni pacha wa kwanza. Wa pili ni Butoyi, na sijaona ukimtaja popote. Yuko wapi?

Mtunzi wa Korogwe: Dada, asante sana. Jina nililichukua kwa kulipenda tu, lakini umenifungulia mlango. Walikuja wote wawili. Butoyi akafia shambani, na Bukuru hawezi kumkabili mama yao akiwa peke yake. Sura mbili nazitoa. Naanzia kwenye kuni. Ila mama akitaka kupata habari zao, nani angemwandikia barua?

Mjukuu wa Manamba: Mtu wa kwao anayejua kusoma, na upande huu barua ingesomwa na mwenzake wa kambini. Kwa hiyo yupo mtu mmoja pale anayeijua siri hiyo tangu zamani. Mpe jina.