Watoto wangu wanaandika "bedi" na "miliki", nianzie wapi?

Mwalimu wa Awali: Habari zenu walimu. Nafundisha darasa la awali, shule ya mchepuo wa Kiingereza, watoto 31. Kiswahili wanasoma vizuri, ba be bi bo bu imewakaa. Kiingereza ndiko wanakokwama. Juzi nimewatajia "bed", madaftari 12 yakaja na "bedi". "Milk" ikawa "miliki". Nikamwita mmoja mezani asome "cat" herufi moja moja: "ka, a, ta." Unganisha basi. Akasema "kata!" kwa furaha kabisa, maana neno analijua. Hapo nikaona kosa ni langu, mimi ndiye niliyemwambia t ni "ta". Narekebishaje?

Mama Wawili: Pole dada, wengi tulifundishwa hivyohivyo. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, basi ule mkia unajileta wenyewe. Anza na sauti zinazovutika: m, s, f, n, l. "Ssss" unaivuta utakavyo na irabu haiingii. P, t na k ni pumzi tu. Shika kipande cha karatasi mbele ya mdomo, useme p: karatasi itikisike, koo linyamaze. B, d, g zina ugumu wake, kairabu kadogo hakakosi. Zitamke fupi, uwahi kuunganisha na sauti inayofuata.

Mwalimu Mstaafu: Naunga mkono, ila Kiswahili usikiweke kando, mwalimu. Mtoto anayesema "thelathini" na "dhahabu" tayari anazo sauti mbili ambazo Kiingereza huziandika kwa th ileile: "thin" na "this". Ng' ya "ng'ombe" ndiyo inayofunga "sing". Herufi za konsonanti za Kiingereza ni 21, sauti ni 24, kwa hiyo lazima herufi zishirikiane. C yenyewe kwa kawaida huazima sauti ya k au ya s. Halafu waweke mkono kooni: s haitetemi, z inatetema. Wakishaihisi hiyo, utaweza kuwaonyesha kwamba "dogs" tunaiandika kwa s lakini mwisho wake unatetema.

Mwalimu wa Awali: Asanteni sana. Na aliyeandika "chrain" badala ya "train"? Mwingine kaandika "jup", alikusudia "jump".

Mwalimu Mstaafu: Wa "chrain" ana sikio zuri. T ikifuatwa na r husogea karibu na ch, kaandika alichosikia. Msifu kwanza, ndipo umpe tahajia. Wa "jup" mwambie aseme "jump" ameshika pua, m ataihisi ikitetema vidoleni.

Mwalimu wa Awali: Mrejesho. Leo nimegawa vizibo vya soda, kila sauti kizibo kimoja. Yule wa "kata" kapewa vinne vya "milk". Akasukuma m, i, l, k, mkono ukaenda kutafuta cha tano kwa ile i ya mwisho. Hakipo. Akakaa kimya kidogo, akarudia taratibu, akafunga kwenye k. Kesho tunaingia "desk".