Kikundi: MAVAZI YA BWANA HARUSI 12 DES

Jumanne, 20 Oktoba

Shangazi Rehema 19:42
Assalaam alaykum wanafamilia. Siku zinakimbia na suti ya Idi haina hata uzi. Kesho asubuhi naenda Kariakoo kununua kitambaa. Mwenye neno aseme leo, sio nikisharudi.

Shangazi Rehema 19:58
Nawaona mnasoma.

Kaka Rama 20:03
Waalaykum salaam Shangazi. Kwani zile za kuning'inia dukani zina nini? Anachukua, anavaa, yamekwisha.

Seif Fundi 20:07
Kwa mwili wa Idi haitakaa. Vipimo alivyotuma ni kifua 39, kiuno 31, urefu futi 6 na inchi 1. Suti nyingi za duka zinakuja seti, koti la 40 na suruali ya 34. Suruali ukiipunguza inchi 3 kiunoni, mifuko ya nyuma inasogeleana mpaka inataka kupeana mikono. Na koti likimtosha kifua, mikono inamwachia kifundo nje.

Mama Salma 20:09
😂😂 kupeana mikono

Shangazi Rehema 20:10
Haya, tunashona. Seif, mita ngapi? Na nataka kile kinachong'aa, ukumbini taa ziwe zinamwona.

Seif Fundi 20:16
Upana wa inchi 58 au 60, koti na suruali mita 3 na robo kwa urefu wake. Mkitaka na kizibao mita 3 na robo tatu. Kikiwa cha mistari au miraba ongeza robo mita, mistari inabidi ikutane mfukoni na kwenye mshono wa mgongo.

Kinachong'aa usinunue Shangazi. Huo mng'ao mara nyingi ni poliesta. Desemba Dar joto linapita nyuzi 30 na unyevu juu yake, poliesta haipitishi hewa vizuri, jasho lote linabaki ndani. Na kwenye picha za flashi mapaja na mabega yanatoka meupe. Tafuta sufu nyepesi, gramu 240 hadi 260 kwa mita. Ile ya 300 na kitu waachie watu wa Makete kwenye baridi.

Seif Fundi 20:18
Vimistari vyembamba sana navyo hapana. Kwenye video vinachezacheza.

Shangazi Rehema 20:19
Muuzaji ataniambia yote ni sufu. Nitajuaje?

Seif Fundi 20:22
Maandishi ya ukingoni yasikubabaishe, hata poliesta tupu inaandikwa Super 120, alama ya sufu laini. Chomoa nyuzi mbili tatu ukingoni, mmoja wa upana na mmoja wa urefu, uchome. Sufu inanuka nywele zilizoungua na jivu linasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka, inaacha kidonge kigumu cheusi. Kisha fumbata kitambaa kwa nguvu, hesabu kumi, achia. Kikibaki na mikunjo kama karatasi, rudisha.

Kaka Rama 20:23
Shangazi na kiberiti Kariakoo. Zimamoto wajulishwe mapema.

Mama Salma 20:23
🤣🤣🤣

Binamu Hadija 20:24
Tutamwona taarifa ya habari ya saa mbili

Kaka Rama 20:25
"Mwanamke mmoja mkazi wa Ilala..."

Shangazi Rehema 20:27
Chekeni. Mchango wa mavazi umefika laki mbili na nusu kati ya laki nne na nusu. Rama wewe hujatoa hata senti.

Kaka Rama 20:34
Nitatoa nikijua kitambaa kinachobaki kinaenda wapi safari hii.

Mama Salma 20:35
Unamaanisha nini Rama?

Kaka Rama 20:36
Namaanisha mita moja na nusu ya kile kitambaa cha kijivu kilichobaki safari ile.

Mama Salma 20:36
Sketi ya mtoto ilitoka kwenye vipande. VIPANDE. Nilishasema mbele ya watu wote pale kwa Babu.

Kaka Rama 20:37
Vipande vyenye marinda.

Shangazi Rehema 20:38
Ya kijivu yaliisha! Hapa ni Idi. @Idi uko wapi?

Seif Fundi 20:41
Kwa faida ya wote: kinachobaki hakigawiwi mpaka harusi ipite. Ndicho cha akiba. Suruali ikichanika kwenye msamba wakati wa kucheza, hutapata tena kitambaa cha jora lile, rangi hutofautiana jora kwa jora hata namba ikiwa moja.

Idi 21:50
Shikamoo Shangazi. Shikamooni wote. Ndio natoka kazini. Mimi naona fundi wa huku Dodoma anipime vizuri nitume, Seif akate, nije wiki ya harusi kuvaa. Ruhusa ni ngumu kipindi hiki.

Shangazi Rehema 21:51
Marahaba mwanangu. Sawa, hata mimi naona hivyo. Seif unasemaje?

Seif Fundi 22:05
Namba zinanipa upana, hazinipi umbo. Watu wengi bega moja liko chini kuliko jingine, na futi haisemi. Anayesimama kifua mbele anahitaji urefu zaidi mbele, anayeinama anahitaji mgongoni. Ukikosea hapo kola inaachana na shingo, unaona mwanya kati ya shati na koti, hakuna pasi itakayouziba.

Bega ndilo kila kitu. Mshono wa mkono uishie pale mfupa wa bega unapokatika. Ukizidi nusu inchi, chini yake panaingia bonde na bwana harusi anaonekana kaazima koti. Kulirudisha bega ni kung'oa mikono, kola, pedi na bitana. Hiyo sio kazi ya wiki ya harusi.

Idi 22:08
Kwani mengine hayarekebishiki?

Seif Fundi 22:15
Yapo. Kiuno cha suruali natoa au napunguza, naacha inchi moja na nusu ya akiba mshono wa nyuma. Ubavu wa koti inchi moja hivi. Mikono nafupisha, ila vitundu vya vifungo vya mkononi sitoboi mpaka jaribio la mwisho. Vikishatobolewa, ukifupisha vifungo vinaning'inia ukingoni. Pindo la suruali halikatwi bila kiatu chenyewe cha harusi, kisigino kinabadilisha urefu. Shati litokeze nusu inchi kwenye mkono.

Kingine mnachotakiwa kuamua: ndani ya kifua niweke kanvasi (kile kitambaa kigumu cha kushika umbo) ya kushona kwa mkono au ile ya kugandisha kwa pasi? Ya kugandisha ni rahisi na haraka. Ila joto la pasi likiwa dogo au jasho likizidi, gundi inaachia na kifua kinatoka malengelenge. Ya kushona inaongeza siku nne na hela.

Binamu Hadija 22:17
Na ile lebo ya mkononi mtoe jamani

Kaka Rama 22:17
Mjomba Faki anayo mpaka leo, na mpasuo wa nyuma bado umefungwa na ile nyuzi ya X

Mjomba Faki 22:19
Nipo humu Rama.

Kaka Rama 22:19
🙈 Shikamoo Mjomba

Shangazi Rehema 22:22
Basi tuamue. Vipimo vya Dodoma, kanvasi ya pasi, kitambaa nanunua kesho, bluu iliyokolea. Anayepinga aseme.

Mama Salma 22:23
Bibi harusi anataka rangi ya maziwa mbona

Shangazi Rehema 22:23
Nani kasema?

Jumatano, 21 Oktoba

Baba Mkubwa 05:48
🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

Binamu Hadija 06:30
Kwa wasio na bando, Baba Mkubwa anasema: koti la nikahi juu ya kanzu ni lake yeye Baba Mkubwa, lile jeusi, Idi atalivaa na hilo halijadiliwi. La ukumbini lishonwe, ila mkasi usiguse kitambaa kabla mtoto hajasimama mbele ya fundi. Anasema ameshona miaka arobaini na hajawahi kumkatia bwana harusi asiyemwona. Ijumaa apande treni ya SGR, Jumamosi apimwe, Jumapili arudi. Nauli atatoa yeye.

Baba Mkubwa 06:41
Na kitambaa kichovywe maji au kipigwe mvuke kwanza. Sufu husinyaa.

Idi 06:44
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimesikia.

Shangazi Rehema 06:45
Tumesikia Baba Mkubwa. Ahsante.

Mjomba Faki 06:58
Hapo sawa.

Seif Fundi 07:10
Shikamoo Baba Mkubwa. Mvuke nitaupiga, kisha nakilaza usiku mzima. Kwa hesabu hiyo: Jumamosi tarehe 24 namsimamisha. Tarehe 7 Novemba jaribio la kwanza, koti likiwa limeshikizwa tu kwa uzi mweupe, halina bitana, mkono mmoja umewekwa. Akifunga kifungo pakatokea mkunjo wa X tumboni, tunaachia ubavu hapo hapo. Tarehe 28 la pili, na viatu. Tarehe 5 Desemba anachukua. Idi, hayo mazoezi yako ya kunyanyua vyuma simamisha kukua kuanzia Jumamosi.

Idi 07:13
Seif hiyo ni safari tatu baada ya hii. Baba Mkubwa ametoa nauli ya moja.

Kaka Rama 07:20
Zilizobaki zitoke kwenye ile kijivu

Mama Salma 07:21
Rama.

Shangazi Rehema 07:25
Nauli tutaongea. Mimi natoka sasa hivi, nafuata kitambaa mita 3 na robo tatu na bitana mita 2 na nusu, viskosi alivyosema Seif pembeni, sio ile nailoni. Rangi je? Seif nichukue bluu?

Seif Fundi 07:27
Chukua sampuli tu leo, kipande cha kiganja kwa kila rangi. Uvitoe nje juani, taa za dukani zinadanganya, bluu inarudi nyeusi. Na bado hatujasikia kwa upande wa bibi harusi.

Shangazi Rehema 07:29
Naona nikipata nzuri nitanunua tu.

Seif Fundi 07:29
Shangazi

Idi 08:15
Nimeangalia tiketi za Ijumaa jioni, zimebaki chache. Nangoja hela ya Baba Mkubwa iingie. Namuuliza na bibi harusi kuhusu rangi.

Shangazi Rehema 10:52
📷 Picha 4

Shangazi Rehema 10:53
Hiki kitambaa cha tatu kiberiti kimekubali. Muuzaji amekasirika. Amesema anakishikilia mpaka saa nane, nimuachie elfu hamsini?

Jirani Mzee Athumani 11:40
Waalaykum salaam. Suti yangu mimi Seif itakuwa tayari lini?