Leba ya kwanza ilinitesa, sasa nina mimba ya pili, nijiandaeje?

mama_shani
Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya wiki 31, ya pili hii, na kadiri siku zinavyosogea ndo usingizi unapotea. Wa kwanza nilizaa kawaida ila nilikiona cha moto, uchungu ulianza alfajiri mpaka usiku njia haifunguki, nikawekewa dripu ya uchungu, nikaongezewa njia, mtoto akatoka salama alhamdulillah lakini kondo likagoma, daktari akaingiza mkono kulitoa, damu ikamwagika hadi nikaongezewa chupa mbili. Sasa wifi anasema ya pili huwa nyepesi nisiwe na haraka, nikae nyumbani uchungu ukolee kwanza. Mume anasema bora upasuaji yaishe. Mimi natamani zahanati ya hapa mtaani maana nesi wake mpole na hagombezi mtu. Mliopitia mlifanyaje?

bi_chau
Pole shoga. Wifi yako kasema nusu. Nyepesi ndiyo, kwa wengi wetu, sasa si ndo sababu ya kuwahi?? Mimi wa kwanza nilishinda leba nikalala leba, wa pili nashuka kwenye bajaji nasikia kusukuma, kanga zote ziko kwenye begi na begi kabaki nalo dereva. Tafuta usafiri wa uhakika wa usiku mapema, na mwanao wa kwanza ujue kabisa unamwacha kwa nani.

mkunga_zamu_ya_usiku
Mama shani, kwa historia yako zahanati hapana, hata nesi awe malaika. Kondo kugoma na damu nyingi vinaweza kujirudia, sio lazima, wengi wanazaa vizuri tu, ila unatakiwa uwe mahali penye damu ya kuongeza na chumba cha upasuaji. Kliniki ijayo wasimulie kama ulivyotusimulia hapa na uhakikishe wameandika kwenye kadi, maana usiku ule zamu itakuwa ya mtu asiyekujua na wewe utakuwa huna nguvu za kuongea. Omba wapime wingi wa damu, ikiwa chini ya 11 ni upungufu, na vidonge vya damu usiruke wala usimezee chai, chai inazuia madini chuma yasiingie mwilini. Mwulize daktari pia ultrasaundi inaonyesha kondo limekaa wapi.
Upasuaji: kondo kugoma peke yake sio sababu. Nao una damu yake na unaacha kovu la kuangaliwa mimba zijazo. Ila kama hofu inakunyima usingizi hivyo mwambie daktari, hilo nalo ni la kujadiliwa.
Kuhusu muda, WHO wanasema njia ikishafunguka sentimita 5, uzazi wa kwanza kwa kawaida hauzidi masaa 12 na unaofuata masaa 10, na mara nyingi ni pungufu ya hapo.

kaka_mkubwa
Mume usikae na wazo la upasuaji tu, tafuta ndugu wawili watatu wa kuchangia damu mapema. Sisi tulianza kupigia watu simu saa nane usiku, nusu hawapokei.

Neema.K
Kuna majani bibi yangu anachemsha, ukinywa wiki ya mwisho uchungu unakuja wa haraka, njoo inbox

mkunga_zamu_ya_usiku
Neema hapana jamani. Hayo majani hayana kipimo, kizazi kinabana mfululizo, mtoto anakosa hewa na kizazi kinaweza kupasuka. Tunawapokea hao.

mama_shani
Asanteni sana. Wifi nimemsomea hapa kanuna. Mkunga, na damu ikianza tena wanafanyaje?

mkunga_zamu_ya_usiku
Mtoto akitoka tu unachomwa sindano ya oksitosini kizazi kibane. Siku hizi baadhi ya hospitali wanatandika mfuko wa plastiki wenye alama, damu inaonekana imefika wapi badala ya kukisia kwa macho. Ulifanyiwa utafiti hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, matokeo yakatoka 2023: mfuko ule pamoja na kutoa matibabu yote kwa mkupuo, kuvuja damu kupita kiasi kulipungua kwa zaidi ya nusu. Waulize kama wanao. Na uliza kama wanaruhusu msindikizaji leba, mchague asiye na presha.

bi_chau
Yaani sio wifi 😂